Sauti Niliyoogopa Kuijibu Mlimani

Kaa kwanza, mjukuu wangu, kabla hujafunga kamba za viatu. Nimesikia wewe na wenzako mnapanda Lugulu Jumamosi, na sina nia ya kukuzuia. Mlima ule nimeupanda mara nyingi kuliko nilivyokwenda Bariadi mjini. Ninachotaka ni usikie habari ya siku moja tu, siku ninayoikumbuka vizuri kuliko hata ile niliyofunga ndoa, kisha uende zako.

Wewe umekulia mjini, kwa hiyo nitaeleza taratibu. Lugulu, kwa Kisukuma, maana yake ni mlima, basi. Huku upande wa Bukundi vilima ni vingi na kila kimoja kina jina lake, lakini huu haukuhitaji jina. Mtu akisema anakwenda Lugulu, hakuna anayeuliza upi. Ni jiwe moja kubwa lililosimama katikati ya mbuga, na asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala chini, unaweza kuapa kwamba halijagusa ardhi. Linaonekana linaelea. Ng'ombe wanapita chini yake kama wanapita chini ya wingu.

Mimi si mzaliwa wa huku. Nyumbani kwetu ni Sapiwi, na nilikuja hapa nikiwa na miaka ishirini na mitatu, kwa sababu ya bibi yako Kabula. Tulipooana, baba yake aliniomba tukae kwake msimu mmoja nimsaidie kulima pamba, maana mtoto wa kiume alikuwa naye mmoja tu, Maduhu, na shamba lilikuwa kubwa. Nikakubali. Msimu huo mmoja, kama unavyoona, haujaisha mpaka leo.

Sasa kuna jambo ambalo ninyi vijana mnalisikia nusunusu, na bila kulielewa hutanielewa. Wakati ule mwanamume na mama mkwe wake walikuwa wanakwepana. Hawakutazamana usoni, hawakula pamoja, hawakugusana hata mkono, na hawakusemezana. Nikimwona anakuja njiani, nilitoka kabisa njiani, nikaingia majanini, nikafunika kichwa kwa shuka na kugeuka upande wa pili mpaka apite. Naye akiniona kwanza, alifanya vivyo hivyo. Hata jina lake sikulitaja, na leo pia silitaji; nitamwita mayo, yaani mama, kama tunavyosema nyumbani.

Usidhani tuligombana. Ilikuwa ni heshima, na kwa kweli ilikuwa na raha yake. Nilikaa uani kwake miezi minane bila kusemezana naye neno moja, lakini kila kitu nilichohitaji nilikipata. Ujumbe ulipita kwa Kabula, na Kabula asipokuwepo, ulipita kwa mbuzi. Mayo alikuwa anasimama jikoni, anamwangalia mbuzi aliyefungwa pale, na kusema kwa sauti, "Wewe mbuzi, watu wengine hawajui kama kamba ya ng'ombe mweusi imekatika." Nami nikiwa nyuma ya nyumba nilisikia, nikaenda kuifunga. Hivyo ndivyo nilivyoizoea sauti yake. Uso wake sikuujua, lakini sauti yake ningeitambua mnadani kati ya watu elfu.

Haya, turudi mlimani. Kila mwaka, mvua za kwanza zikikaribia, kijiji kilikuwa kinapanda Lugulu kuwakumbuka waliotangulia na kuomba mvua. Wanaume walipanda mapema asubuhi kufagia uwanda ulioko juu. Wakwe, yaani sisi tuliooa mabinti wa kijiji, tulibeba maji kwenye vibuyu, kwa sababu kule juu ni kukavu kama kigae. Tulikuwa tunakwenda kuomba maji huku tumebeba maji. Wanaume wakishashuka wote, ndipo wanawake walipanda na unga mweupe wa mtama, wakauchanganya na yale maji na kuyamwaga wakiwataja wazee. Baba yangu alikuwa katekista, na nilipompelekea habari nikimuuliza kama inafaa niende, alijibu kwa maneno machache: "Kabebe maji. Kubeba maji si dhambi."

Njia ni moja tu. Unaanza kwa kupanda kwenye mawe yaliyolaliana, unatumia mikono na magoti, halafu unafika mahali jiwe linaposimama wima kama ukuta. Hapo njia inaacha kupanda na inaanza kuuzunguka mlima kiunoni. Tunapaita Mkanda. Upana wake ni kama kitanda cha kamba cha mtoto, na pengine haufiki hapo. Upande mmoja una ukuta, na upande wa pili hauna kitu. Tai anaruka chini yako, unamwona mgongo.

Watu wawili hawawezi kupishana pale bila kujiandaa, ndiyo maana kulikuwa na kanuni. Kabla hujaingia Mkanda, ukitokea juu au ukitokea chini, unasimama na kuita, "Njia! Kuna mtu?" Aliye ndani anajibu, "Nipo!" Basi, hiyo tu. Aliye nje anasubiri, aliye ndani anatoka. Siku ile asubuhi Maduhu alinieleza yote hayo tukiwa chini, tunavua katambuga zetu, maana Lugulu hupandwa miguu mitupu.

"Umesikia, ngosha?" akaniambia, yaani mwanamume kwa Kisukuma. "Ita kwa sauti ya mwanamume. Usiite kama unaomba chumvi kwa jirani."

"Nimesikia."

"Najua kwenu Sapiwi mlima mrefu kuliko yote ni kichuguu. Ukitetemeka, useme ni baridi, nitakutetea."

Wenzake wakacheka, nami nikacheka.

Kupanda nilipanda vizuri. Nilimfuata Maduhu nyuma kwa nyuma, macho kwenye visigino vyake, kibuyu mgongoni. Tukafika juu jua likiwa ndiyo kwanza linatoka. Wenzangu wakaanza kufagia. Mimi nikamimina maji yangu kwenye chungu kilichokuwa pale, nikainua macho, na mwanangu, hapo ndipo nilipopotea bila kuhama mahali nilipo.

Sijui nikuelezeje. Nilikuwa mtu wa nchi tambarare, na nchi nilikuwa nimeiona kwa urefu wangu tu. Sasa nikaiona yote kwa pamoja. Mashamba ya pamba yaliyovunwa, njia za ng'ombe zikikatizana kama mistari ya kiganja, moshi wa nyumba ukipanda polepole na kusimama. Upande wa mashariki kulikuwa na mng'ao mweupe, mrefu, umelala mwishoni mwa dunia, na mzee mmoja akaniambia ni ziwa la chumvi. Upepo ulikuwa unaleta sauti za njuga za ng'ombe, lakini ng'ombe wenyewe walikuwa wadogo kiasi kwamba nilishindwa kuamini sauti ile ni yao. Ilionekana kama inatoka ndani ya jiwe. Nikakaa. Nikamfikiria Kabula, ambaye hakupanda mwaka ule kwa sababu alikuwa na mimba ya miezi saba. Nikafikiri, mtoto huyu atakuja kuiona nchi hii nami nitamwonyesha kwa kidole, pale na pale na pale. Nadhani niliwahi kusikia Maduhu akisema, "Ngosha, twende." Nadhani nilijibu, "Nakuja."

Nilipozinduka, jua lilikuwa linachoma. Uwanda ulikuwa umefagiliwa safi na nilikuwa peke yangu.

Nikachukua kibuyu changu kitupu, nikakimbilia Mkanda. Pale mwanzoni nikakumbuka kuita, lakini nikajiuliza, nimwite nani? Wanaume wameshashuka. Na kama wanawake wameshaanza kupanda, mkwe mzima nitasimama kwenye jiwe niwapigie kelele? Nikaona haya. Nikaingia kimyakimya, ukuta ukiwa mkono wangu wa kulia.

Nilikuwa nimekwenda karibu nusu ya njia niliposikia kutoka upande wa chini, "Njia! Kuna mtu?"

Ilikuwa sauti ya mayo.

Nikasimama. Neno lililotakiwa lilikuwa moja tu, nipo, na lilikuwa limeshafika kooni. Lakini neno hilo lingekuwa la kwanza kumwambia mama mkwe wangu tangu nioe, na lingekuwa la kupaza sauti, mbele ya wanawake wote wa kijiji. Akaita mara ya pili. Akaita mara ya tatu. Nikajiambia, nikinyamaza ataelewa, atasubiri. Ataelewaje, mwanangu? Anayeita akisikia kimya, anajua hakuna mtu. Ndiyo kazi ya ile kanuni. Lakini mimi nilikuwa nimelelewa kwamba kimya changu kwake ni heshima, nikafikiri na jiwe linajua hivyo.

Pale katikati, ukuta unatoa tumbo, kwa hiyo humwoni anayekuja mpaka mkaribiane sana. Nikasikia nyayo. Kisha akatokea, hatua tatu kutoka nilipo, ungo wa unga kichwani.

Nikafanya nilichokuwa nimekifanya miezi minane. Nikatoka njiani.

Mahali pa kutokea hapakuwepo, unaelewa? Lakini mwili haukuuliza. Mguu wa kushoto ukaenda nje ili yeye apate upande wa ukuta, mkono ukavuta shuka kichwani, uso ukageukia bondeni ili nisimtazame. Nikawa nimesimama ukingoni kabisa, macho yamefunikwa, kwa adabu. Changarawe zikateleza chini ya kisigino. Nakumbuka sikuogopa. Nilihisi wepesi tu, kama vile mtu anapoanza kusinzia na kitanda kinaondoka.

Kisha mkono ukanishika. Ulinishika hapa, juu ya kifundo cha mkono, kwa nguvu ya mtu aliyekamua ng'ombe maisha yake yote. Ungo ukaanguka, unga ukatufunika wote wawili.

"Nitazame!" akasema.

Sikuweza.

"Nimesema nitazame, wewe! Toa hiyo shuka usoni. Angalia mguu. Mguu wa kushoto, uvute ndani. Ndani! Hapo. Sasa kaa chini."

Nikakaa. Naye akakaa, mgongo ukutani, mkono mmoja umenishika mimi na mwingine umeshika mzizi wa mkuyu uliopasua jiwe. Kibuyu changu kilikuwa kimekwenda. Tukasubiri kusikia kikifika chini. Tulisubiri muda mrefu, mpaka nikadhani hakitafika kabisa, halafu kikalia, kidogo sana, kama mtu amevunja yai.

Ndipo nikamwona uso. Alikuwa mweupe kwa unga mpaka kwenye kope, na kwenye unga ule machozi yalikuwa yanachora njia mbili. Nikashangaa jinsi alivyofanana na Kabula.

"Ulinisikia nikiita?"

Nikainamisha kichwa.

"Mbuzi hayupo hapa. Nijibu mwenyewe."

"Nilisikia, mayo."

"Mara ngapi?"

"Zote tatu."

"Na mdomoni ulikuwa na nini? Ugali?"

"Niliogopa kukukosea heshima."

Akacheka, lakini kicheko kilikuwa kinatetemeka. "Ningekwenda kumwambia nini mwanangu? Kwamba mume wako ameanguka Lugulu kwa sababu ya heshima? Na huyo aliye tumboni akikua akauliza baba yake alikufaje, tumwambie alikuwa na adabu sana?"

Akaniacha kidogo nipumue. Halafu akasema kwa upole, taratibu, kama mtu anayemfundisha mwingine kufunga fundo, na maneno yake ndiyo nimekuitia hapa.

"Sikiliza, baba. Nyumbani tunakwepana ili nyumba yako na nyumba yangu zikae kwa amani. Kimya kile kinatulinda. Hapa juu kimya kinaua. Ni kimya kilekile, lakini mahali si palepale. Sasa wewe ulikuwa unanilinda mimi, au ulikuwa unakilinda kimya?"

Nikasema, "Sijui, mayo."

"Hilo ni jibu zuri. Anza nalo."

Kisha akanionyesha namna ya kupishana. Akaniambia nisimame, nigeuze kifua kwenye jiwe, nishike mzizi na nisisogee. Yeye atapita nje. Nikakataa, mtu mzima, mwanamke, mama mkwe, apite nje, na mimi kijana nikumbatie ukuta? "Anayeijua njia ndiye anayepita nje," akasema. "Na wewe bado huijui. Tulia." Nikasikia kiganja chake kikipita mgongoni mwangu, bega hadi bega, polepole, na miguu yake mitupu ikitafuta jiwe nyuma ya yangu. Akapita. Alipofika upande wa pili akaita wenzake chini kwamba kuna mtu anatoka, wamsubiri.

Wanawake saba walikuwa wamesimama pale mwisho wa Mkanda. Waliniangalia nikitoka nimepakaa unga kichwa kizima, na hakuna aliyesema kitu mpaka nilipowapita. Ndipo nikasikia kicheko kikilipuka nyuma yangu, na kicheko kile nilikipokea kama baraka.

Lakini hofu yangu haikuisha. Mayo alikuwa amenishika mkono. Tulikuwa tumesemezana na kutazamana. Mambo hayo yalikuwa na uzito, na nilijua familia ikitaka inaweza kunirudisha Sapiwi peke yangu, na Kabula ajifungue mimi sipo. Nilimwambia Kabula yote jioni ileile, kabla sijaitwa. Akashika tumbo lake, halafu akasema, "Ukiulizwa, usipunguze kitu."

Tukaitwa uani jua likiwa halijazama. Baba mkwe alikuwepo, na Maduhu, na shangazi wawili. Nikajiandaa kusema, lakini mayo akawahi. Alisimama jikoni, amenipa mgongo, kama kawaida yake.

"Nimemshika," akasema. "Nimemsemesha, na nimemtazama. Mwenye neno aniambie mimi, asimwambie yeye."

Baba mkwe akachora ardhi kwa fimbo. Hatimaye akaniuliza mimi, "Ungependa asingekushika?"

"Hapana, baba."

"Basi. Mkiwa kule juu, semezaneni. Mkishuka, mrudie desturi. Mlima una adabu yake na ua una adabu yake."

Maduhu akainua kidole. "Na kibuyu, baba? Kile kilikuwa changu."

Ndivyo ilivyokuwa, mwanangu, miaka mingi. Hapa uani hatukusemezana kamwe. Lakini kila mwaka, siku ya kufagia, nilibaki nyuma ya wanaume kwa makusudi, nikasimama mwanzo wa Mkanda kule juu, nikaita kwa sauti yangu yote na kumsubiri. Naye alipofika juu tulikaa kidogo kwenye kivuli cha jiwe, huku wenzake wakichanganya unga. Alinisimulia jinsi Kabula alivyoogopa radi alipokuwa mdogo. Alinifundisha majina ya vilima vyote unavyoviona kutoka pale. Wakati mwingine hatukusema kitu, tuliangalia tu vivuli vya mawingu vikitembea juu ya mashamba kama ng'ombe wasio na mchungaji. Kisha nilishuka, naye akashuka nyuma yangu, na usiku wake nilimsikia akimwambia mbuzi kwamba watu wengine wamesahau kufunga zizi.

Alipougua hakuweza tena kupanda. Nilikaa nje ya mlango wake siku tatu, nimegeukia ukuta, kwa sababu desturi ndivyo ilivyotaka. Siku ya tatu akasema mwenyewe kutoka ndani, "Ingia, baba. Hapa nilipo ni pembamba kuliko kule." Nikaingia. Nikamshika mkono, juu ya kifundo.

Nimekusimulia haya si kwa sababu desturi ile ilikuwa mbaya. Sikuona ubaya wake, na ningeishi nayo tena. Nakusimulia kwa sababu nakujua wewe. Unaona haya kuuliza njia usije ukaonekana mgeni. Ukiitwa na mkubwa unanyamaza, ukidhani kimya ndiyo adabu. Bosi wako akikosea mahesabu ya kazi unainamisha kichwa. Rafiki yako akikuuliza kama unaumia unasema uko sawa. Mimi nakuambia, heshima ni kumfikiria mwenzako, na mahali pembamba namna ya kumfikiria ni kumjulisha ulipo. Ukishindwa kujua kama unamlinda mtu au unailinda desturi tu, jiulize nani ataumia ukiendelea kunyamaza. Na ukikosea, kama nilivyokosea mimi, useme usipunguze kitu. Watu wa nyumbani ni wepesi kusamehe kuliko unavyodhani.

Ninyi siku hizi mnapanda mkiwa na vipokea sauti vidogo masikioni, kila mtu na muziki wake, mnarudi nyuma hatua kwa hatua mkitafuta picha nzuri. Sigombi. Na mimi nilipotea kule juu kwa kuangalia, tena bila simu. Furahisha macho yako, mwanangu. Nchi ile imeumbwa ipendwe.

Mungu akutangulie Jumamosi. Miguu yako ikute jiwe lililotulia, upepo uwe mpole kwako, na mvua itusubiri mpaka ushuke. Wazee wa mlima ule wakuone kama mtoto wao, maana ndivyo ulivyo.

Sasa funga viatu vyako, lakini uvivue ukifika chini ya jiwe. Ukifika mwanzo wa Mkanda, toa vile vitu masikioni, simama, ita "Njia! Kuna mtu?" mara tatu, na uhesabu mpaka kumi kabla hujaingia. Ukiwa ndani ukasikia unaitwa, hata kama ni sauti ya mtu unayemwogopa kuliko wote duniani, simama palepale, geuza kifua kwenye ukuta, angalia miguu yako, na ujibu kwa nguvu: "Nipo!"